Kupanga Bidhaa kwa Bei katika JavaScript: Dhana Potofu na Ukweli

Mteja aliyeko Tegeta anapofungua tovuti ya duka la Kariakoo na kubofya kitufe cha bei ya chini kwanza, anatarajia bakuli la shilingi 900 litangulie sufuria ya shilingi 1,500, na birika la shilingi 12,000 lije mwisho. Mtengenezaji wa tovuti naye mara nyingi hudhani kwamba amri ya `sort` ya JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za tovuti, inalijua hilo yenyewe. Haijui. Isipopewa fankisheni ya kulinganisha (kipande cha msimbo kinachoamua kipi kitangulie kati ya vitu viwili), hugeuza kila kilichomo kuwa maandishi na kuyalinganisha alama kwa alama, kwa hiyo bei hizo tatu hutoka 12000, 1500, 900, kwa sababu 1 hutangulia 9 bila kujali zinafuata tarakimu ngapi. Orodha ikiwa ya objekti (vifurushi vya data, kila kimoja na sifa za bidhaa kama bei), kila moja hugeuka maandishi yaleyale, `[object Object]`, zote huhesabiwa kuwa sawa, na orodha hubaki ilivyokuwa pasipo hata ujumbe wa kosa.

Dhana ya pili ni kwamba fankisheni hiyo inaulizwa swali la ndiyo au hapana, na ndiyo maana wengi huandika `a.bei > b.bei`, ambapo `a` na `b` ni bidhaa mbili zinazolinganishwa. Kwa kweli inatakiwa kutoa namba: hasi ikiwa `a` itangulie, chanya ikiwa `b` itangulie, na sifuri ikiwa ziko sawa. Ndiyo na hapana hugeuka 1 na 0, na hasi haitokei kamwe. Kosa hili lilidumu kwa sababu lilikuwa likifichika: injini ya V8, yaani programu inayoendesha JavaScript katika kivinjari cha Chrome, kabla ya toleo la 7.0 la mwaka 2018, ilipanga orodha zisizozidi vitu 10 kwa njia iliyolivumilia, hivyo jaribio la bidhaa tano lilifaulu vizuri. Toleo hilo lilihamia TimSort, mbinu ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya programu ya Python. TimSort huanza kwa kutafuta sehemu ambazo tayari zimepangika, na kwa kuwa haioni jibu hasi popote, huamini kwamba orodha nzima imekwisha kupangwa na kuirudisha kama ilivyokuja. Kinachotakiwa ni `a.bei - b.bei`, au kinyume chake kwa bei ya juu kwanza.

Hata hivyo, kutoa bei moja katika nyingine kunafaa pale tu ambapo bei ni namba kwelikweli, na hapa ndipo penye shida kubwa zaidi kwa maoni yangu, kwani data za maduka yetu zimejaa bei kama “1,500/=” na “maelewano”. Ukitoa maandishi ya namna hiyo unapata `NaN` (alama ya “si namba”), ambayo `sort` huichukulia kama sifuri, yaani sawa. Basi bidhaa ya maelewano inakuwa sawa na bakuli la 900 na sawa pia na birika la 12,000, ilhali bakuli na birika haviko sawa. Ulinganisho unajipinga wenyewe, na mpangilio unaotoka hauna dhamana yoyote. Wapo wanaojitetea kwamba thamani isiyojulikana hupelekwa mwisho, lakini kanuni hiyo inahusu nafasi ya orodha iliyo `undefined`, yaani isiyo na thamani yoyote, wala si objekti iliyokosa sifa ya bei. Bei zisafishwe ziwe namba zinapoingia, na fankisheni ianze kwa kukagua kama bei ipo, kisha zisizo na bei zipelekwe mwisho kwa makusudi.

Si kweli pia kwamba `sort` hutoa orodha mpya. Huipanga ileile uliyoipa, kwa hiyo kitufe cha kurudisha mpangilio wa awali hakitakuwa na cha kurudisha. Tumia `toSorted`, iliyoingia katika kiwango rasmi cha JavaScript cha mwaka 2023, au nakili orodha kwanza. Kwa majina, herufi kubwa hutangulia ndogo, hivyo “Zulia” huja kabla ya “bakuli” usipotumia `localeCompare`, inayolinganisha maneno kwa mpangilio wa lugha.

Dhana ya mwisho haimo katika JavaScript: kwamba kupanga ndani ya kivinjari kunapanga duka zima. Seva ikituma bidhaa 20 kwa kila ukurasa, kivinjari kitapanga hizo 20 tu, na bakuli la bei ya chini kuliko zote huenda liko ukurasa wa saba. Upangaji huo ufanywe katika hifadhidata kwa amri yake ya kupanga, `ORDER BY`, kabla ya kukata kurasa. Namba ya bidhaa iongezwe kama kigezo cha pili, la sivyo bidhaa zenye bei sawa zinaweza kubadilishana nafasi kati ya ombi moja na jingine, moja ikaonekana katika kurasa mbili na nyingine isionekane kabisa.