Mpelekeni Mirembe, halafu?

Majuzi saa mbili usiku simu imeita, nimeshika mwiko wa ugali. Mtendaji wa kijiji. "Shikamoo madam, huku kuna mtu kachanganyikiwa, njoo na gari mumpeleke Mirembe." Nikamuuliza: ana homa? Kimya. Alilala lini mara ya mwisho? Kimya. Kuna dawa anazotumia? "Madam, mimi si daktari. Huyu ni wa Mirembe." Yaani hospitali ya wagonjwa wa akili, kule Dodoma.

Hiyo ni ya tatu tangu mvua zianze. Nimechoka kueleza kwa simu, mmoja mmoja, salio likinikatikia katikati. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayenipigia tena nitamtumia hii kwa WhatsApp kabla sijavaa viatu.

Kwanza, gari halipo. Ipo pikipiki moja tunayogawana ustawi na maendeleo ya jamii, na wiki hii mafuta ni yao. Na kwa kuwa tumefika hapo: mimi ni afisa ustawi wa jamii, si afisa maendeleo ya jamii. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10, siyo yangu. Majina ya TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, sikuyakata mimi. Naomba tuelewane.

Nilikwenda kwa bodaboda. Nikamkuta baba wa miaka hamsini hivi, kifua wazi, anagombana na ukuta, na nje vijana sita wameshika kamba ya katani wakisubiri amri. Mkewe nikamvuta pembeni: mama, hali hii ilianza lini? "Jana asubuhi." Jana! Mtu mzima aliyekuwa akipukuchua mahindi juzi, leo hajui jina la mkewe, huyo haendi Dodoma. Anaenda zahanati usiku huohuo. Inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, sukari imeshuka au imepaa, homa ya uti wa mgongo, au pombe aliyoikata ghafla baada ya miaka ishirini. Nilipomgusa alikuwa anaungua. Kipimo cha haraka kikasoma malaria, akachomwa atesuneti ya kuanzia na kupewa rufaa kwenda kituo cha afya. Siku ya nne alikuwa anadai aliyechukua simu yake usiku ule airudishe.

Hebu fikirini angefungwa kamba na kulazwa kwenye Noah mpaka Dodoma.

Kifafa nitakipita haraka maana nimekisema kanisani, msikitini na mnadani. Hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayana kitu. Akianguka jikoni mtoeni motoni kwa mikono yenu, acheni kusimama mkiogopa povu. Nimeona watoto wawili waliopoteza vidole kwa sababu watu wazima walikuwa wanatazama. Kule Mahenge, Ulanga, kliniki ya kifafa ipo tangu karibu mwaka 1960, na leo wataalamu wanakihusisha kifafa cha kule na usubi, wale inzi wadogo weusi wa mtoni. Huku kwetu, ninyi mnaofuga nguruwe wa kuzurura na hamna choo, mayai ya tegu yanaweza kuingia mpaka kwenye ubongo na kuleta degedege la ukubwani. Jengeni choo. Vidonge vya fenobabito ni vya bei ndogo, ila havimezwi kwa kukumbuka. Ni kila siku. Basi.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Mirembe ni hospitali nzuri. Ipo Dodoma tangu miaka ya 1920, ina wataalamu, na ina Isanga kwa wale wanaopitia mahakamani. Kule Korogwe kuna Lutindi, ya Walutheri, ya zamani zaidi. Siwasemi vibaya. Ninachosema ni kwamba Mirembe si mwisho wa reli. Mtu anakaa kule wiki kadhaa au miezi, halafu anarudi. Ninyi mnaosema "mpelekeni" huwa mnasema kama mtu anayetupa kitu shimoni. Shimo hilo halina chini, jamani. Kitu kinarudi. Kinarudi na begi, na kinauliza ufunguo wa chumba chake uko wapi.

Kuna kijana mmoja hapa kwangu, nimebadilisha mawili matatu ili asijulikane. Amekwenda Dodoma mara tatu. Mara zote tatu amerudi akiwa ametulia, ana karatasi ya kuruhusiwa na bahasha ya kaki yenye vidonge vya mwezi mmoja. Mara zote tatu alirudiwa, na mara zote tatu kijiji kikasema dawa za Mirembe hazifanyi kazi.

Mara ya tatu niliamua kwenda kwao siku ya pili tu baada ya kurudi, nikakaa kutwa. Nikaona hivi. Chumba chake kimejaa magunia ya alizeti, yeye analala jikoni. Ekari mbili alizopewa na marehemu baba yake amelima kaka yake, na kaka hana mpango wa kuzitoa. Mke alirudi kwao na mtoto. Wakati wa kula walipakua wote kwenye sinia moja, yeye akapewa bakuli lake la plastiki, kando, na kijiko, nyumba ambayo hakuna mwingine anayekula kwa kijiko. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wapole kabisa. Na watoto wadogo walipopita njiani wakaita, bila ubaya, kama unavyomwita Juma au Petro: "Mirembe! Mirembe!" Hilo ndilo limekuwa jina lake.

Sasa niambieni ni kidonge gani kinatibu hilo.

Na vidonge vyenyewe. Mama yake aliniapia kwamba alikuwa anavimeza. Nikamuuliza kijana mwenyewe tukiwa wawili, nyuma ya zizi. Akacheka kidogo, akanyoosha mikono mbele. Ilikuwa inatetemeka kama ya mzee. Akasema: "Dada, nikimeza asubuhi, saa nne nimelala kwenye matuta. Nikiamka jua limenibabua. Nilime au nimeze?"

Lagaktili, dawa aliyokuwa akipewa, nilikuwa nimeisoma darasani. Kulewa usingizi, mikono kutetemeka, ngozi kutopenda jua, vyote vilikuwa kwenye maandishi ya mwalimu na nilivipata kwenye mtihani. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mtu anayeishi kwa jembe atalazimika kuchagua, na kwamba msimu wa kulima atachagua jembe. Mkulima akiacha dawa mwezi wa Desemba mnasema kakaidi. Mimi nasema amepiga hesabu.

Kumbadilishia dozi si kazi yangu wala siruhusiwi. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuhakikisha maneno yale, "nilime au nimeze", anayasema yeye mwenyewe mbele ya daktari, kwa sababu kliniki zote alizokwenda kaka yake ndiye aliyemjibia. Daktari akahamishia dozi kubwa usiku, akaongeza dawa ya mtetemeko, kisha baadaye wakakubaliana sindano ya mwezi. Tunaiita depo. Mama mtu aliposikia alisimama kabisa: "Mwanangu wa kiume achomwe depo?" Ilibidi nieleze kuna depo na depo, ya uzazi wa mpango na hii ya akili. Nesi alicheka mpaka akatoka nje.

Kilichobaki kilichukua muda kuliko dawa. Vikao vitatu chini ya mwembe, baba mkubwa ndiye msemaji, mimi mkekani na daftari. Kikao cha kwanza walinisikiliza na kunipa kuku. Cha pili kaka hakuja. Cha tatu alikuja, na baada ya kusema mengi akakubali ekari moja. Moja, si mbili. Magunia yakatoka chumbani. Bakuli la plastiki sikuligusia, nilimwachia shangazi yao, nikamnong'oneza tu nilichokiona. Shangazi alinitazama sana, akasema "mwanangu, hilo niachie mimi". Kuna vitu ukivisema wewe wa serikali vinageuka kesi.

Hapo ndipo watu huniuliza: sasa wewe ulimpa ushauri gani? Sikumpa. Ushauri nasaha si kumpa mtu ushauri, jina lenyewe limetuponza. Mawaidha anayo bure kwa mchungaji, kwa shehe na kwa wajomba. Mimi nauliza na kunyamaza, halafu nabeba magunia.

Lingine linalonikera ni madodoso. Yanatoka juu, yametafsiriwa vizuri tu, Kiswahili sanifu: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Nikamsomea bibi mmoja aliyezika wanawe wawili kwa mwaka. Akaniambia, "Kukata tamaa ni dhambi, mjukuu wangu." Nikaweka sifuri. Huzuni? "Namshukuru Mungu." Sifuri. Nikafunga karatasi, nikamuuliza: bibi, unalala? Akasema tangu Pasaka hajui usingizi. Kichwa kinawaka moto. Moyo unakwenda mbio kama anakimbizwa. Mlenda anautia mdomoni na hausikii ladha. "Nina mawazo, mjukuu wangu, mawazo yananimaliza." Yote hayo, na karatasi inasema ni mzima.

Wazimbabwe walilitambua hili mapema. Wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye mawazo na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Walipimwa kwa utafiti wa kweli na matokeo yakawa mazuri. Sisi mawazo tunayo, mabibi tunao, mabenchi yapo nje ya kila zahanati yamejaa wanaosubiri. Lakini mwenye mawazo akikazana kusema anaumwa, anaambiwa kwa utani: angalia, utapelekwa Mirembe. Basi ananyamaza. Hilo neno linamtisha anayeumwa kidogo na halimsaidii anayeumwa sana.

Waganga nao. Wenzangu hawapendi nikisema hivi, lakini utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta wenye msongo na wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa ni wengi karibu mara mbili kwenye vilinge kuliko kwenye vituo vya afya vya msingi. Na hiyo ni Dar, kwenye hospitali kila kona. Mganga wa hapa tumekubaliana: asiyelala siku tatu, anayekataa maji, mama aliyejifungua na kuanza kuweweseka, hao aniletee kwanza. Mimi sitamcheka mbele za watu. Amewaleta watano. Mwingine, wa kijiji cha pili, anafunga watu kwenye gogo, na yeye sina mkataba naye, nina polisi.

Ila hapa niseme na la aibu. Miaka miwili nyuma nilimkuta mtu amefungwa kamba nyumbani kwao. Alikuwa amempiga jirani kwa mpini, na ndugu za jirani walikuwa wamekaa barabarani na marungu. Giza limeingia, polisi hawajafika. Sikumfungua. Nilimlegezea mikono, nikamnywesha maji, nikalala pale kwenye mkeka mpaka asubuhi. Nimefundisha haki za mgonjwa kwenye semina tangu siku hiyo, na kila nikifika kwenye ukurasa wa kamba sauti inapungua. Mpaka leo sijui kama nilimlinda au nilikuwa mmoja wa waliomfunga.

Na la sheria. Kanuni ya Adhabu bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha aina hiyo ni kinyume cha katiba yao. Huku kwetu, familia ikiniona nimeshuka kwenye pikipiki ya halmashauri, inasema "alikunywa sumu kwa bahati mbaya". Naandika wanavyosema. Halafu narudi kesho yake bila daftari. Najua takwimu zangu za mwaka ni za uongo kwenye safu hiyo, na anayezisoma mkoani anajua, tunasalimiana vizuri tu.

Kwa hiyo mtendaji wangu, na wenyeviti wa vitongoji, ukinipigia anza na haya: ilianza lini, ana homa, amelala, anakula, amejifungua karibuni, anakunywa au ameacha kunywa, alikuwa na dawa na ziliisha lini. Dakika mbili. Kama ana silaha sema, tutakuja na polisi. Na uniambie pia chumba chake kina nini sasa hivi.

Yule kijana wa ekari moja amepanda uwele, umeota vizuri, ndege wameanza. Depo yake ni tarehe 14. Leo nimepiga simu zahanati, wanasema imeisha, oda imeenda lakini haijarudi. Kituo cha afya wamebakiwa na mbili na wana watu wao. Kesho naenda kuomba moja, pikipiki bado ni ya maendeleo ya jamii.