Mpigo wa leza hauongezwi kwa pampu peke yake

Jana jioni kijana tunayemfunza maabarani alipandisha mkondo wa daiodi ya pampu, ile inayoilisha leza mwanga, akitaka mpigo wa leza yetu ya faiba, yaani mmweko mfupi wa mwanga ndani ya uzi wa kioo, uongezeke nguvu. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mpigo kwenye skrini, mnara mmoja ukawa miwili, kila mmoja mfupi kuliko ule wa mwanzo. "Mwalimu, nimeiharibu?"

Hakuharibu kitu. Leza hiyo ni ya solitoni, nanomita 1550, mawimbi yaleyale ya nyaya za baharini zinazotufikia kupitia Mombasa. Humo mpigo huishi kwa mizani kati ya mtawanyiko wa rangi, yaani rangi zake kupita kwenye kioo kwa kasi tofauti, na ukali wa mwanga wenyewe, na mizani hiyo haibebi zaidi ya takriban nanojuli 0.1 (nanojuli ni sehemu moja ya bilioni ya juli). Ukizidisha, mpigo hugawanyika.

Nanojuli husikika kama kitu kidogo. Lakini nanojuli 10 zikibanwa ndani ya femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde) ni kilowati 100, zote zikipita kwenye kiini cha kioo chenye upana wa mikromita 6 hivi. Kwa ukali huo mwanga hubadilisha tabia ya kioo chenyewe, nacho kioo huuvuruga mpigo.

Fikiria abiria wa jioni pale kituo cha matatu cha Railways, Nairobi. Wote wakiukimbilia mlango wa matatu kwa pamoja, watu huumia. Wakipanga foleni, gari hujaa bila vurugu. Mpigo nao tuupangie foleni. Kwenye faiba yenye iterbiamu, elementi inayokuza mwanga, karibu na nanomita 1030, rangi za mawimbi marefu hutangulia na mafupi hufuata, hivyo mpigo hurefuka na ukali wake hushuka.

Zamani tuliogopa urefu huo, tukaweka greti, vibao vyenye mistari myembamba vinavyotenganisha rangi, ndani ya leza ili kuufupisha tena mpigo. Mwaka 2006 Andy Chong, Frank Wise na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliziondoa kabisa greti hizo, wakaweka chujio la rangi. Hapa ndipo ninapopapenda mno: kwa kuwa rangi zimeshajipanga kwa foleni, ukikata rangi za pembeni umekata kichwa na mkia wa mpigo. Chujio la rangi linageuka mkasi wa wakati! Mwaka uliofuata walivuka nanojuli 20. Mpigo hubanwa tena kwa greti ukishatoka nje, mahali ambapo hakuna kioo cha kuuvuruga.

Nilimwonyesha kijana haya yote kwa kalamu ubaoni, kisha akarudisha mkondo chini taratibu. Minara miwili ikawa mmoja. Jumatatu tunaanza kuunganisha faiba ya iterbiamu, na chujio atalifunga yeye.