Kocha wa maisha ni nani, na anamsaidiaje mtu kutimiza malengo?

Kocha wa maisha ni mtu unayemlipa akuulize maswali. Wengi humwendea wakitegemea ushauri, au maneno ya kupandisha mori kama ya wahamasishaji wa mitandaoni, halafu wanashangaa saa nzima imekwisha na wao ndio walioongea zaidi. Ndiyo kazi yenyewe.

Somo au kungwi wa pwani humfunda mwari kwa sababu yeye anajua na mwari hajui. Mnasihi hukaa na maumivu ya mtu, mara nyingi ya zamani. Kocha hadai kuijua biashara yako kuliko wewe, anachojua ni namna ya kukufanya uitazame vizuri.

Mtindo huu ulitokea michezoni. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliandika kwamba mpinzani mgumu kuliko wote yumo kichwani mwa mchezaji. Badala ya kumwelekeza mwanafunzi akunje mkono vipi, alimwambia aangalie mishono ya mpira unavyomjia. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, aliuingiza mtindo huo maofisini, na kitabu chake cha mwaka 1992 kikaueneza kwa hatua nne: unataka nini, sasa hivi uko wapi, njia zipi zipo, na utafanya nini.

Chukulia dada mmoja wa Tabata, mhasibu, anayeoka keki jioni.

"Mwaka huu nataka biashara yangu ikue."

"Ikishakua, utajuaje kwamba imekua?"

Anafikiri. "Nitaacha kazi."

"Ili uache kazi, keki zikuingizie shilingi ngapi kwa mwezi?"

Hapo anakwama. Mhasibu mzima, anafunga hesabu za watu kila mwezi, lakini hajawahi kuandika unga, mayai na gesi vinamla kiasi gani, na hela ya keki inaishia sokoni pamoja na ya mboga. Lengo la mwaka linageuka kazi ya wiki moja: kila oda iandikwe kwenye daftari. Kocha bado hamwachii.

"Utaandika saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

"Hiyo nafasi iko saa ngapi?"

"Mteja akishaondoka na keki, kabla sijaosha vyombo."

Swali hilo la mwisho linaonekana kama usumbufu, ila kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile", akionyesha kwamba mtu aliyekwisha kupanga lini, wapi na vipi hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia njema tu.

Kinachobaki ni kufuatiliwa. Dada yetu anajua Alhamisi ataulizwa daftari linasemaje, na hiyo peke yake inamwinua kwenye kochi. Asipoandika hagombezwi, anaulizwa kilichomzuia ni nini. Huenda baada ya mwezi akaona keki za harusi zinalipa na za bethdei zinamtia hasara. Huenda pia akaamua asiache kazi, na kocha mzuri hatakuwa na kinyongo, maana lengo ni la mteja.

Maswali hayaleti mtaji, wala hayamshushii mtu kodi ya nyumba. Na mwenye huzuni isiyoisha, asiyelala, au anayewaza kujidhuru anahitaji hospitali, siyo kocha.

Tatizo kubwa la fani hii ni kwamba yeyote anaweza kujiita kocha leo hii. Shirika la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, ICF, hutoa vyeti vya ngazi tatu, na pamoja na mafunzo hudai uzoefu wa kukaa na wateja kwa saa 100, 500 na 2,500, kulingana na ngazi. Muulize ana kipi, muulize pia atajuaje kwamba umeshafika na humhitaji tena. Anayekuahidi utajiri ndani ya miezi mitatu, mpite. Na kama ada yake inakushinda, mwenzako wa kikoba anaweza kukuulizia daftari kila Alhamisi bure, ilimradi si yule anayekuonea huruma upesi.