Pikuahi nefeshi: uhai unapoitangulia Sabato

Pikuahi nefeshi ni kanuni ya sheria ya Kiyahudi inayosema kwamba kuokoa uhai wa mtu kunatangulia karibu kila amri nyingine ya Torati. Mtu akiwa hatarini, Sabato inavunjwa, saumu ya Yom Kippur inafunguliwa, chakula kilichoharamishwa kinaliwa. Wengi wanaoieleza kanuni hii kutoka nje huiita ruhusa, au nafuu ya wakati wa shida. Siyo hivyo. Ni wajibu. Anayeendesha gari siku ya Sabato kumkimbiza mgonjwa hospitali hana dhambi ya kutubia baadaye, maana ametimiza amri. Na mgonjwa aliyeambiwa ale, akakataa kwa uchaji wake, ndiye aliyekosa.

Msingi wake ni Walawi 18:5, panaposemwa kwamba mtu akizitenda amri za Mungu ataishi kwa hizo. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, katika sehemu iitwayo Yoma, ukurasa wa 85, inakusanya hoja za marabi kadhaa waliojaribu kuithibitisha kanuni hii. Rabi Elazar ben Azarya alianzia kwenye tohara. Mtoto hutahiriwa siku ya nane hata ikiangukia Sabato, ingawa kukata ni kazi iliyokatazwa siku hiyo. Ikiwa Sabato inapisha kiungo kimoja kati ya viungo 248 vya mwili, itakosaje kuupisha mwili mzima? Rabi Shimon ben Menasya akasema: ivunje Sabato moja kwa ajili ya mtu huyu, ili apate kushika Sabato nyingi. Kisha Shmueli, mwalimu wa Babeli wa karne ya 3, akarudi kwenye mstari ule wa Walawi: imeandikwa ataishi kwa hizo, haikuandikwa atakufa kwa hizo.

Rava, aliyekuja baadaye, alizipima hoja zote na kuona kwamba nyingine zina upungufu mmoja: zinahusu hatari iliyo wazi. Hoja ya Shmueli peke yake inabeba pia hatari ya shaka, na shaka ndiyo moyo wa jambo lote. Mishna, mkusanyiko wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, inatoa mfano wa ukuta ulioanguka siku ya Sabato. Haijulikani kama kuna mtu chini yake au hayupo. Kama yupo, haijulikani kama ni mzima au amekufa. Haijulikani hata kama ni Myahudi au si Myahudi. Jibu ni kwamba kifusi kinafukuliwa papo hapo. Katika mambo mengine sheria hufuata upande wenye uwezekano mkubwa zaidi. Hapa haufuatwi. Hata uwezekano mdogo wa kumkuta mtu akiwa hai unatosha. (Mishna ilikuwa ikiwazungumzia Wayahudi. Marabi wa zama hizi wanakubali kwamba daktari Myahudi anamtibu kila mgonjwa siku ya Sabato, ijapokuwa njia zao za kisheria za kufika hapo zinatofautiana.)

Kwa kuwa shaka inatosha, kuchelewa kumegeuzwa kuwa kosa. Talmudi ya Yerusalemu ina kauli kali: anayekwenda kuuliza kwanza anamwaga damu, na rabi anayeulizwa anastahili lawama. Alaumiwe kwa nini? Kwa sababu alipaswa kuwa amewafundisha watu wake mapema, wakayajua haya kabla siku ya msiba haijafika. Maimonides, daktari na mwanasheria aliyeishi Misri katika karne ya 12, akaongeza kwamba kazi ya kuivunja Sabato kwa ajili ya mgonjwa isisukumiwe watoto wala wasio Wayahudi, bali ifanywe na wakubwa na wenye elimu. Kosa analolizuia bado lipo mpaka leo. Mtu anatoka nje kumtafuta jirani asiye Myahudi apige simu, dakika tano zinapotea, na watoto waliokuwa wakitazama wanajifunza kwamba kupiga simu ile ni jambo la aibu.

Ikiwa hakuna kitu kinachocheleweshwa, basi uvunjaji hupunguzwa. Ndani ya Sabato kuna kazi 39 zilizokatazwa, na si zote zinahitajika kila mara. Mfano unaofundishwa tangu zamani ni wa mgonjwa anayehitaji nyama siku ya Sabato. Nyumbani kuna nyama ya kibudu tu, na nje kuna mbuzi hai. Mtu angedhani ni afadhali ale kibudu, ambacho adhabu yake ni nyepesi, kuliko kuchinja siku ya Sabato. Shulkhani Aruki, mkusanyiko wa sheria wa Yosef Karo uliochapwa Venice mwaka 1565, unasema achinjiwe. Sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba kuchinja ni tendo moja, ilhali mla kibudu anarudia kosa kwa kila kipande anachokitia kinywani. Mtu asiyeijua hesabu hii anaweza kuchagua njia iliyo nzito huku akidhani amechagua iliyo nyepesi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumika Yom Kippur, saumu ya saa 25 hivi bila chakula wala maji. Mgonjwa ambaye saumu itamhatarisha, lakini si kwa ghafla, hula na kunywa kwa vipimo vidogo kuliko kile ambacho sheria inakihesabu kuwa kula. Kwa chakula, kila mara asifikishe ujazo wa mililita 30, unaokadiriwa kutokana na theluthi mbili za yai. Kwa kinywaji, kipimo ni shavu la mtu mwenyewe. Kabla ya saumu kuanza anajaza maji mdomoni, anayatema kwenye kikombe, anayagawa mara mbili, kisha atakuwa akinywa pungufu kidogo ya nusu hiyo. Kwa mtu mzima wengi wanakadiria chini ya mililita 40. Kati ya mara na mara zipite dakika 9. Kula na kunywa huhesabiwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo ndani ya dakika hizohizo anaweza kufanya vyote viwili. Kwa mwendo huo anapata karibu robo lita ya maji kwa saa, kiasi kinachowatosha wagonjwa wengi.

Panapoharibika ni hapa: mgonjwa anajikaza mpaka mchana, kichwa kinaanza kuzunguka, ndipo anaanza vipimo. Wakati huo mililita 38 hazimsaidii tena. Vipimo vina maana vikianza tangu jioni ya kwanza, kwa ratiba, baada ya kuzungumza na daktari na rabi siku kadhaa kabla. Naye mtu wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hapimi kitu. Anakula mara moja mpaka arudi katika hali yake. Daktari akisema si lazima na mgonjwa akasema anahitaji, anasikilizwa mgonjwa, kwa mstari wa Mithali 14:10 kwamba moyo hujua uchungu wake wenyewe. Kwa mwanamke aliyejifungua, siku 3 za kwanza (saa 72) zinahesabiwa za hatari bila hata yeye kusema neno. Kuanzia hapo hadi siku ya 7 neno lake linatosha. Kisha hadi siku ya 30 anahesabiwa mgonjwa asiye hatarini, na huyo hufuata sheria nyingine kabisa. Kuchanganya makundi haya mawili, mgonjwa wa hatari na mgonjwa wa maumivu tu, ndilo kosa la upande wa pili. Jino linalouma bila uvimbe wala homa haliivunji Sabato.

Kanuni ina mipaka yake. Kikao cha marabi kilichofanyika kwenye chumba cha juu cha nyumba moja mjini Lodi, ambacho kwa kawaida huhusishwa na mateso ya mfalme Hadrian wa Roma karne ya 2, kiliamua kwamba mtu akiambiwa vunja amri au ufe, avunje asife, isipokuwa katika mambo matatu: kuabudu sanamu, uzinzi wa aina zilizoharamishwa, na kuua. Juu ya kuua, Talmudi haikutafuta mstari wa maandiko. Iliuliza tu: nani amekuambia damu yako ni nyekundu kuliko ya mwenzako? Pamoja na hayo kuna hali inayoitwa shmadi, yaani utawala unapotaka kuing'oa dini yenyewe. Hapo mtu hakubali kulazimishwa kuvunja hata desturi ndogo kama ya namna ya kufunga kamba ya kiatu. Lakini marufuku ya kutenda amri, kwa mfano kusali, haimlazimu mtu kufa, kwa maana mtawala anaweza kumzuia kwa nguvu hata akikataa.

Marabi hao waliirithi pia kumbukumbu mbaya. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasimulia juu ya watu wapatao 1,000 waliojificha nyikani wakati wa mateso ya mfalme Antioko wa Nne, karne ya 2 kabla ya Kristo. Walishambuliwa siku ya Sabato, wakakataa kujitetea, wakafa na watoto wao na mifugo yao. Kuhani Matathia, aliyeongoza maasi, na wenzake waliposikia waliamua kwamba kuanzia siku hiyo watapigana hata siku ya Sabato, la sivyo hatabaki wa kuishika.

Jaribio kali kuliko yote lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika gheto la Kovno, Lithuania, mtaa ambao Wajerumani waliwafungia Wayahudi. Rabi Ephraim Oshry aliandika maswali aliyoulizwa kwenye vipande vya karatasi, akavifukia kwenye makopo, na baada ya vita akavifukua na kuvichapisha. Mwezi Mei 1942 Wajerumani walitangaza kwamba mwanamke Myahudi atakayekutwa na mimba atauawa. Oshry aliulizwa kama mimba inaweza kutolewa, akaruhusu, maana mama alikuwa hatarini bila shaka yoyote. Aliulizwa pia kama mtu anaweza kununua cheti cha ubatizo ili apenye atoroke. Akakataa, kwa sababu huko ni kuikana imani, sawa na kuabudu sanamu, moja ya yale matatu. Na walipomuuliza kama bado inafaa kila asubuhi kusoma baraka ya kumshukuru Mungu kwa kutomfanya mtu mtumwa, akajibu kwamba isomwe, tena hasa sasa. Ukiyasoma majibu haya kwa pamoja unaona kwamba sheria haikuwekwa kando kwa sababu ya vita. Aliruhusu na kukataza kwa kanuni zilezile.

Kuna pale ambapo hata kanuni haikutosha. Oktoba 1941 baraza la Wayahudi lililosimamia gheto hilo liliamriwa na Wajerumani kuwaita watu wote uwanjani. Sheria ya Kiyahudi inakataza kumtoa mtu mmoja auawe ili wengine wapone, na viongozi wakamwendea Rabi Avraham Dov-Ber Kahana Shapiro, mzee aliyekuwa mgonjwa, wamuulize kama wautangaze mwito. Alikesha na vitabu vyake. Jibu lake lilikuwa kwamba ikiwa amri ya kuangamiza imeshatolewa juu ya wote, na kuna njia ya kuokoa sehemu yao, viongozi wajitie moyo waokoe wawezao. Tarehe 29 Oktoba watu zaidi ya 9,000 walipigwa risasi kwenye Ngome ya Tisa. Wanasheria wanaisoma hukumu hiyo mpaka leo, na hawakubaliani.

Huko Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi nchini Ujerumani, Pasaka ya mwaka 1944, hapakuwa na mikate isiyotiwa chachu. Marabi waliokuwamo, akiwamo Aaron Davids wa Rotterdam, walitunga sala fupi ya kusomwa kabla ya kula mkate wa kawaida. Inamwambia Mungu kwamba Yeye anajua nia yao ni kula mkate wa Pasaka, lakini utumwa umewazuia na maisha yao yamo hatarini; basi wako tayari kuitimiza amri ya kuishi kwa hizo na si kufa kwa hizo. Mstari wa Walawi umewekwa mahali ambapo kwa kawaida husomwa baraka ya mkate, na kula chachu kukawa ibada ya usiku ule.

Marufuku ya kutenda amri ilifika hata karibu na kwetu: Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku na Idi Amin. Wengi waliiacha dini yao. Wachache waliendelea kusali kwa siri majumbani. Kampala ilipoanguka mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyohiyo Pasaka ilikuwa inaingia.

Siku hizi mijadala mingi ya pikuahi nefeshi imehamia hospitalini. Rabi Yechezkel Landau wa Prague alishaweka mpaka mmoja katika karne ya 18 alipoulizwa kutoka London kuhusu kupasua maiti ili madaktari wajifunze: hatari lazima iwe mbele yetu, mgonjwa awepo, isiwe ya kukisia tu kwamba siku moja itamfaa mtu. Upandikizaji wa viungo umelifufua swali hilo kwa namna nyingine. Ukuta ule wa Mishna ulileta swali la mwokoaji achimbe mpaka wapi ili ajue kama mtu amekufa, na Talmudi ikajibu: mpaka puani, pumzi ipimwe. Mwaka 1986 Baraza Kuu la Marabi la Israeli liliitegemea pumzi hiyo kukubali kwamba mtu ambaye ubongo wake umekufa na hawezi tena kupumua mwenyewe amekufa, hivyo moyo wake unaweza kumwokoa mwingine. Marabi wakubwa, miongoni mwao Shlomo Zalman Auerbach, hawakuridhika maadamu moyo unapiga: kwao, kuutoa ni kumuua mtu ili kumponya mwingine, na hapo pikuahi nefeshi haina nguvu.