Bradisismo: Baia haikumezwa na bahari

Ikitajwa Baia, mji wa Kirumi ulio chini ya maji karibu na Napoli, Italia, hakosi mtu wa kusema bahari iliumeza. Mwingine ataongeza tetemeko, mwingine wimbi la usiku mmoja. Kilichotokea pale ni bradisismo: ardhi kupanda au kushuka polepole, kadiri magma (mwamba ulioyeyuka), gesi na maji moto yaliyo chini yake yanavyoisukuma au kuiachia.

Neno limeundwa kwa Kigiriki: bradys ni polepole, seismos ni mtikisiko. Hicho kipande cha pili ndicho kinachowapoteza watu. Ni kweli kwamba ardhi ikipanda miamba hupasuka na mitetemo midogo hufuatana, lakini hiyo ni dalili tu. Kushuka huwa kimya zaidi, na kwa Baia kulichukua karne nyingi. Tangu enzi za Warumi usawa wa Mediterania haujapanda hata mita 2, ilhali sakafu za mozaiki pale ziko mita 4 hadi 5 chini ya maji. Mita zilizobaki ni za ardhi iliyoshuka.

Asiyeamini akatazame nguzo tatu za marumaru za soko la Kirumi mjini Pozzuoli, ng'ambo ya ghuba hiyo hiyo. Zimetobolewa na kome aina ya Lithophaga, anayeishi baharini tu, na matundu yake yamefika karibu mita 7 juu ya sakafu. Maana yake nguzo zilishuka zikakaa majini, kisha zikapanda tena, zote zikiwa wima. Kome hao hao ndio waliozila sanamu za Punta Epitaffio, pale Baia: sehemu zilizofukiwa na mchanga zilisalimika, zilizokuwa wazi zikaharibika. Zinazoonekana majini leo ni nakala. Zenyewe ziko makumbusho, ndani ya ngome ya Baia.

Na jambo hili halijaisha. Kati ya 1982 na 1984 Pozzuoli ilipanda takribani mita 1.8, maelfu wakahamishwa, na gati likabaki juu mno kwa boti. Tangu 2005 inapanda tena, na imeshapita mita 1. Kwa hiyo anayekwenda kuogelea huko kwa miwani na mrija asitegemee kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha zamani. Amuulize mwongoza watalii, ambaye kwenye eneo lenye ulinzi mkali ni lazima kuwa naye. Mozaiki hufunikwa mchanga makusudi ili zisiliwe. Mwongoza watalii huupunga mchanga huo kwa kiganja, mkaona, kisha akaurudisha. Kaeni mmelala juu ya maji: ukisimama wima, mapezi hutibua tope na hakuna atakayeona kitu mpaka litulie. Ukizama, bana pua upulize taratibu kabla masikio hayajaanza kuuma, na kama una mafua usizame.

Kuna mahali ambapo tetemeko lina haki ya kutajwa. Kekova, Uturuki, ni mojawapo; na huko kuogelea juu ya magofu kumepigwa marufuku, hutazamwa kutoka kwenye boti. Kwa Baia, tuseme ardhi ilishuka, na kwamba sasa inapanda.