Rinoplasti ni nini, na plastiki inaingilia wapi?

Binamu yangu hukaanga samaki pale Dunga, Kisumu. Mwaka mmoja baada ya kuanguka na bodaboda pale Kondele, mgongo wa pua yake ulikuwa umebonyea kama tandiko, na usiku alikoroma hadi watoto wakahamia chumba kingine. Alipoandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji wa plastiki, aliikunja akaificha. "Dada, mimi sitiwi plastiki puani," akaniambia. "Nikiinamia karai la mafuta si itayeyuka?"

Hofu yake ilikuwa na sababu, maana hakuna aliyemweleza neno lenyewe.

Rinoplasti ni upasuaji wa kuitengeneza pua upya, ama umbo lake, ama njia ya hewa, ama vyote viwili. Neno limetoka Kigiriki: rhis ni pua, plassein ni kufinyanga, vile mfinyanzi anavyofinyanga chungu. Daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alikuwa akilitumia mwaka 1818. Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu, ilikuja 1907. Kwa hiyo "plastiki" katika jina la daktari wa upasuaji wa plastiki ni ufinyanzi, si ndoo wala mifuko. Na kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina. Wahindi walikuwa wakijenga pua zilizokatwa kwa kuteremsha ngozi ya paji la uso karne nyingi kabla habari hizo hazijachapishwa London mwaka 1794.

Weka kidole katikati ya macho, ukishushe polepole. Mwanzo ni mfupa, hauchezi. Ukishuka kama theluthi ya njia, mfupa unaisha na pua inaanza kulegea: hilo ni gegedu, kama la sikio. Ndani yake kuna ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto, na ukuta huo ndio nguzo inayobeba paa.

Pua ikigongwa, damu inaweza kujikusanya kati ya gegedu la ukuta huo na utando unaolifunika. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando huo. Damu ikikaa hapo siku chache, gegedu linakufa na mgongo wa pua unadidimia. Siku ya ajali binamu yangu alipewa dawa ya maumivu katika kituo kimoja, akaambiwa uvimbe utaisha wenyewe. Hakuna aliyemulika tochi ndani ya pua. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa kuwa tiba yake ilikuwa kuchanja kidogo na kuitoa damu mapema. Mtu akigongwa pua kisha ikaziba kabisa, arudi hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Nilimsindikiza kwa daktari. Nilidhani ataanza na sura. Akaanza na pumzi. Alimwambia afunge mdomo, akaweka kidole shavuni karibu na pua, akalivuta shavu kuelekea sikio. "Mama, sasa hewa inapita?" Ikapita. Kisha akashika kioo kidogo baridi chini ya pua. Upande wa kulia mvuke ulitanda. Wa kushoto lilitokea doa dogo kama shilingi. Akatueleza kwamba mahali pembamba kuliko pote pa kupitisha hewa pako ndani ya tundu, juu kidogo, na anayepunguza pua bila kupaangalia hapo humwachia mgonjwa pua ya picha isiyopumua.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mtu huyu. Wazungu walioanzisha upasuaji wa kupunguza pua, kama Jacques Joseph wa Berlin mwaka 1898, walishughulika sana na pua kubwa na zenye kinundu. Pua zetu nyingi zina ngozi nene, mgongo wa chini na gegedu laini la ncha. Ukikata na kupunguza tu, ngozi nene haikazi juu ya kiunzi kilichobaki. Inalegea kama shuka la kitanda kikubwa lililotandikwa kitanda cha mtoto. Kwa hiyo mara nyingi daktari mzuri huongeza: huinua mgongo, huimarisha ncha, na ikihitajika hupunguza kidogo upana wa mabawa ya pua, yaani kuta za nje za matundu, kwa kukata kwenye mkunjo wake.

Huongeza kwa kutumia kitu gani? Gegedu la mgonjwa mwenyewe. Kwanza hutazama ukuta wa ndani, lakini lazima aache ukanda wa kama sentimita moja juu na mbele ili paa lisianguke. Pili, sikio. Tatu, ubavu. Ukuta wa binamu yangu ulikuwa umeliwa, kwa hiyo ulitumika ubavu, na ana kovu dogo chini ya titi. Gegedu la ubavu lina tabia ya kujipinda, na kulichonga ni ufundi hasa.

Nisifiche jambo: silikoni ipo, na wako madaktari wanaoitumia. Inaokoa kovu la ubavu, lakini inaweza kupata maambukizi, au kutoboa ngozi hata baada ya miaka. Uliza utatiwa nini. Uliza pia kama atapasua kijiti cha ngozi kati ya matundu ili aone kiunzi chote, au atapitia ndani tupu. Jina lake litafute kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Mwenye makovu yanayofura aseme mapema.

Kutaka pua nyembamba si dhambi, wala simcheki mtu. Ninachoogopa ni daktari anayeonyeshwa picha ya mwigizaji akakubali papo hapo, bila kumuuliza mtu nini hasa kinamsumbua. Kijana ambaye uso wake bado unakua naye angoje.

Plasta ya juu ya pua hutolewa baada ya kama wiki moja, na weusi wa chini ya macho huisha kwa wiki mbili hivi. Uvimbe wa ncha huchukua mwaka mzima, na kwa ngozi nene hata zaidi. Ndiyo maana marekebisho ya pili hayafanywi kabla ya mwaka kuisha.

Mwezi wa tatu, ncha ikiwa bado imefura, binamu yangu alinipigia simu akiwa mbele ya karai. "Dada," akasema, "leo nimesikia harufu ya samaki kabla hajaungua."