Emacs inaganda: si kila mkwamo ni wa mzoa taka

Unaandika vizuri tu, mara kishale kinasimama. Unabonyeza, kimya. Sekunde moja au mbili baadaye, herufi zote ulizopiga zinamwagika kwa mkupuo. Mtumiaji wa Emacs, kihariri cha maandishi na msimbo wa programu, akiwaeleza wenzake hali hiyo, jibu humfikia hata kabla hajamaliza kueleza: ongeza `gc-cons-threshold`, yaani kizingiti cha uzoaji taka. Ni kama zamani kwetu ambapo kila homa ilikuwa malaria, dawa kwanza, kipimo baadaye. Wakati mwingine mgonjwa alikuwa na malaria kweli. Wakati mwingine hakuwa nayo.

“Ikiganda, ujue ni uzoaji taka”

Sehemu kubwa ya Emacs imeandikwa kwa Lisp, lugha ambayo John McCarthy aliieleza mwaka 1960 pamoja na wazo la kompyuta kujizolea taka zake kwenye kumbukumbu, yaani data ambayo haitumiki tena. Basi mshukiwa ana historia, lakini historia si ushahidi, na ushahidi unapatikana ndani ya Emacs yenyewe.

Weka `garbage-collection-messages` iwe `t`. Kuanzia hapo, kila uzoaji unapofanyika utaona ujumbe chini kabisa ya dirisha. Kihariri kikiganda bila ujumbe huo, mwachie mshukiwa aende zake.

Kisha tazama namba mbili: `gcs-done`, yaani taka zimezolewa mara ngapi tangu uwashe programu, na `gc-elapsed`, yaani kazi hiyo imekula sekunde ngapi kwa jumla. Tuseme ya kwanza ni 3,000 na ya pili 240. Kila uzoaji umechukua wastani wa sekunde 0.08, mshtuko mdogo ambao mwenye vidole vyepesi anauhisi. Ila wastani huficha mambo, kwa sababu uzoaji wa asubuhi, Emacs ikiwa bado nyepesi, unachanganywa na wa jioni. Mimi napenda kungoja hadi kihariri kimeshachoka, ndipo niendeshe `(benchmark-run 1 (garbage-collect))`. Namba ya kwanza inayorudi ni gharama ya uzoaji mmoja kwa hali ilivyo sasa hivi. Ikisema 0.05 na wewe unaganda sekunde tatu nzima, unamtesa asiye na kosa.

Mkosaji anaweza kuwa mstari mmoja mrefu, kwa mfano faili la JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) lililobanwa lote kwenye mstari mmoja. Matoleo ya Emacs ya kabla ya 29 yalilemewa sana na mistari ya aina hiyo. Anaweza kuwa TRAMP, zana ya Emacs ya kufungulia faili za mashine nyingine, inayongoja seva ya mbali kwenye mtandao wa kusuasua, au kanuni ya kupaka rangi msimbo iliyoandikwa ovyo. Bonyeza C-g (Ctrl pamoja na g), amri ya kukatiza kazi. Ikikutoa papo hapo, haikuwa taka, maana uzoaji ukishaanza haukatizwi. Isipokutoa, usihukumu bado. Zipo kazi nyingine pia zinazofunga mlango huo. Hapo washa `profiler-start`, kipimaji cha Emacs cha kuonyesha muda umeliwa na nini, chagua cpu, fanya kazi yako hadi kero ijitokeze, kisha fungua `profiler-report` na utafute mstari ulioandikwa “Automatic GC”. Ukiwa na asilimia ndogo, anza kusoma mistari iliyo juu yake.

“Taka zikiwa nyingi, ndipo mkwamo unakuwa mrefu”

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote, na jina lenyewe la uzoaji taka ndilo linalotupotosha. Mzoa taka wa Emacs hatafuti taka. Anaingia nyumbani na chaki mkononi, anapita chumba kwa chumba akitia alama kila kitu ambacho bado kinatumika: kabati, vilivyomo kabatini, vilivyomo ndani ya vilivyomo kabatini. Akimaliza, anafagia nyumba nzima, na kisicho na chaki kinatoka. Wakati huo wote wenye nyumba mmesimamishwa mlangoni, hakuna anayegusa kitu.

Kwa hiyo muda wa kutia alama unategemea vitu hai, na wala si uchafu. Emacs uliyoiwasha sasa hivi ina vitu vichache. Iliyokaa wiki mbili ikiwa na bafa mia nne (kila faili lililofunguliwa hukaa kwenye bafa yake), historia ndefu na vifurushi themanini vya nyongeza, ina nyumba ya ghorofa, na mzoa taka huyu hana mazoea ya kuruka vyumba alivyovikagua jana. Kila mara anaanza upya, kuanzia sebuleni.

“Weka gigabaiti moja, usahau”

Kizingiti `gc-cons-threshold` kwa kawaida ni baiti 800,000 kwenye mashine za biti 64. Wengi hudhani ndicho kikomo cha kumbukumbu ya Emacs. Sivyo. Ni kiasi cha kumbukumbu kinachotengwa tangu uzoaji uliopita kabla ya uzoaji mwingine kustahili kuanza. Tena hakipo peke yake: kuna `gc-cons-percentage`, sehemu ya ukubwa wa vitu hai, kawaida 0.1, na kinachofuatwa ni kikubwa kati ya hivyo viwili. Vitu hai vikifika megabaiti 300, asilimia kumi yake ni megabaiti 30, na zile baiti 800,000 hazina kauli tena.

Baiti 800,000 ni chache kwa kazi za leo, hilo sibishi. Seva ya lugha, yaani programu inayokisaidia kihariri kuuelewa msimbo, ikijibu ombi la ukamilishaji kwa JSON ndefu, kiasi hicho kinamalizika kwa pumzi moja. Ndiyo maana maelekezo ya lsp-mode, kifurushi kinachoiunganisha Emacs na seva hizo, yanapendekeza 100,000,000. Lakini kupandisha kizingiti kunapunguza mara za kuzoa tu. Hakupunguzi vitu hai, na nyumba ya kufagia inazidi kupanuka. Ulikuwa unakwama kidogo kila dakika, sasa unakwama sana kila robo saa.

Kwenye laptopu ya RAM 4 GB mambo huharibika zaidi. Kivinjari kimekula sehemu yake, na mfumo umeshaanza kuhamishia kumbukumbu za Emacs kwenye diski. Mzoa taka hawezi kutia alama kitu asichokigusa, kwa hiyo kila kilichohamishwa lazima kirudishwe kwanza. Niliwahi kuweka gigabaiti moja kwenye mashine ya namna hiyo, nikawa naganda sekunde nyingi huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, na nikaulaumu uchakavu wa diski kwa mwezi mzima.

Ujanja wa kupandisha kizingiti kwenye `early-init.el`, faili la mipangilio linalosomwa mwanzo kabisa wakati wa kuwasha, ni mzuri, kwa sharti kwamba `emacs-startup-hook`, inayoendeshwa kuwasha kukiisha, inakishusha. Nusu ya pili ndiyo watu huisahau wanaponakili. Kifurushi cha gcmh hufanya kitu kinachofanana na hicho siku nzima: kizingiti kinakuwa juu ukiwa kazini, na taka zinazolewa ukiinua mikono kibodini. Kwa mwenye RAM ya kutosha, ni suluhisho la heshima.

“Nimefungua faili kubwa, ndilo linalomchosha mzoa taka”

Maandishi ya bafa hayakai pamoja na vitu vya Lisp, na mzoa taka hayasomi herufi kwa herufi. Faili la kumbukumbu za seva la megabaiti 200, likifunguliwa bila rangi wala mapambo, halimsumbui. Vinavyomsumbua ni vilivyobandikwa juu ya maandishi hayo: sifa za rangi, viashiria vya mahali, vibandiko vya vifurushi, orodha ya kutendua. Faili dogo la Org (mfumo wa Emacs wa kuandikia madokezo na mipango) lenye mapambo kila mstari linaweza kumlemea kuliko lile la megabaiti 200.

Kuanzia toleo la 28 ipo amri ya `memory-report`, inayoonyesha bafa na vigeu vilivyonenepa. Iendeshe kabla ya kugusa kizingiti chochote. Mara nyingi utakuta kigeu kimoja cha historia, au hifadhi ya kifurushi ulichoacha kukitumia siku nyingi, kimekalia nafasi kuliko vyote.

“Prosesa mpya itamaliza tatizo” na “toleo lililokompailiwa asilia halina taka”

Viini kumi na sita havisaidii hapa. Mzoa taka ni mmoja na anatembea peke yake. Kiini kimoja chenye kasi kinasaidia. Ukompailishaji asilia uliokuja na toleo la 28, yaani kuugeuza msimbo wa Lisp kuwa lugha ya mashine, unaukimbiza msimbo huo, lakini vitu vinavyotengwa ni vilevile na mzoa taka ni yuleyule.

Kumbadilisha yeye mwenyewe ni kazi nyingine, na imeshaanza: mwaka 2024 wasanidi wa Emacs walikuwa kwenye tawi la majaribio la `feature/igc`, linalotumia MPS, maktaba ya kusimamia kumbukumbu, ili taka zizolewe kidogokidogo badala ya kuwasimamisha wenye nyumba wote mlangoni.